Ngao Isiyofunguka

Jumapili, 4 Februari

Kwako mama yangu mdogo,

Gari lako jana nimeliendesha mji mzima. Nilipita sokoni, nikapita mbele ya shule, nikapita kwa yule kinyozi anayesema macho yangu yamekwisha, nikampigia honi mpaka akamkata mteja sikio. Watu walisimama kando ya barabara wakiulizana huyu ni waziri gani.

Haya, nimedanganya. Mteja wa kinyozi ana masikio yake yote mawili. Gari halina namba bado, na ufunguo uliuficha kwenye kopo la chumvi ukidhani mimi sipiki. Nimekaa ndani tu, hapa uani, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, nikinguruma kwa mdomo. Na hiyo nailoni uliyoiacha kwenye viti, kila nikisogea inatoa mlio. Mimi siusikii, lakini jirani alipita akaniuliza kwa ishara kama tumbo langu ni zima.

Nakuandikia kwa sababu simu kwangu ni nzi aliyeingia kwenye debe. Nyundo zimenila masikio, karatasi haihitaji sikio. Unajua shule yangu ilikomea darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Ukikuta herufi imelala chali, iinue mwenyewe.

Taarifa ya mgonjwa wako ni hii. Fundi wa duka la mapambo ya magari alikuja. Amefunga keria juu, ametandika mazulia ya mpira, amefunga ngazi za pembeni ili hao wajawazito wako wasipande kama wezi wanaoruka ukuta. Kamera ya kurudi nyuma imekuja nayo kutoka kiwandani. Nimeitazama sana. Marehemu mama yako angekuwa na kitu kama hicho, nisingepungia mkono mwanamke yeyote tukiwa njiani.

Ila kuna jambo. Gari zima limevaa, pua iko uchi. Bampa ni plastiki. Niliibonyeza kwa kidole gumba ikabonyea, nikaona haya kama nimemshika mtu pasiposhikwa. Mtoto wa mchomeleaji hawezi kutembea na pua ya beseni. Ninalo bomba la chuma hapa, nene, lililobaki kwenye geti la shule. Litatoa ngao safi ya kufunga mbele ya bampa. Nijibu upesi kabla mkono haujaniwasha.

Halafu kucha. Uliniahidi kwamba ukija kulichukua gari dukani utanikata kucha za miguu. Ukanywa chai ukaondoka. Mimi kuinama siwezi, na aliyekuwa akinikata yuko chini ya udongo. Zimekuwa makoleo. Viatu vya kufunga vimenikataa, natembea na ndala kama niliyetoroka wodini. Nakudai.

Ni mimi baba yako,
Cheche


Jumatatu, 12 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma wodini, nikacheka mpaka wauguzi wakaja kuangalia nani anajifungua. Ufunguo urudishe kwenye chumvi.

Nailoni itoe yote. Ninajua nimewahi kukuambia gari jipya halivuliwi nguo siku ya kwanza, lakini mwanamke mwenye uchungu akikalia nailoni anateleza kama sabuni. Mwambie fundi wa mapambo anishonee vifuniko vya viti vya kuosha kwa maji, rangi ya giza, na aweke pazia kwenye vioo vya nyuma. Viti vya nyuma vinalala. Nitatandika godoro jembamba. Huku zahanati zangu zimetawanyika na barabara ni mashimo matupu. Mama akinizidi nguvu namlaza nyuma namkimbiza hospitali. Ndiyo maana nilinunua gari la juu, si dogo linaloburuza tumbo wala si lile kubwa linalokunywa mafuta kama mlevi.

Ngao hapana, baba. Hapa nakuomba unisome taratibu. Ile pua laini si ubahili wa kiwanda, imefanywa hivyo makusudi. Ikimpata mtu inabonyea yenyewe, mtu anabaki na mbavu zake. Aliyeniuzia alinieleza, nami nikaelewa mara moja kwa sababu ni kama utosi wa mtoto mchanga. Unabonyea ili apite. Ungekuwa mgumu, mtoto asingetoka, na mama angekwenda naye.

Kwa hiyo keria sawa, ngazi sawa, pazia sawa. Ngao hapana.

Kucha sijasahau. Nikija kulichukua, nitakukata kwanza ndipo ninywe chai.

Mkwe wako Mwalimu anakusalimu.

Binti yako,
Mkunga


Jumatatu, 19 Februari

Kwako mama yangu mdogo,

Nimesikia, na kwangu mimi kusikia si kazi ndogo.

Nailoni nimeichana yote. Nimehifadhi kipande cha kufunikia redio yangu ambayo siisikii. Fundi wa mapambo ameshona vifuniko, na pazia ni za kijivu. Nimelala nyuma kujaribu godoro. Nimelala mpaka adhuhuri. Kama kuzaa ndiyo huko, hata mimi nitajaribu.

Habari ya utosi imenishinda nguvu. Mimi nilidhani watoto wanatoka kwa kusukumwa na kutukanwa waume zao. Lakini hebu niambie, katika barabara hiyo yako ya malori na ng'ombe, ng'ombe naye ana utosi? Nimewahi kuona gari la mganga mkuu wenu lililokutana na fahali. Fahali alisimama akajikung'uta. Gari lilibebwa.

Mimi si baba wa simu. Ukipigwa na lori huko, mtu atanipigia, nitaitikia, nitadhani ananiuliza habari za asubuhi, nitamwambia njema. Utakuwa umelala barabarani na mimi nasema njema. Kitu ninachoweza kukufanyia kwa mbali ni kimoja tu, nacho nakifanya tangu hujazaliwa, kuchomelea.

Lakini umesema hapana. Basi. Mikono nimeitia mfukoni, yenyewe inatafuna mfuko.

Namba zimetoka. Njoo ulichukue. Kuna zawadi ndogo inakungoja, usiniulize ni nini.

Ni mimi baba yako,
Cheche


Jumapili, 10 Machi

Baba, shikamoo.

Nilifika salama. Gari linakwenda bila kuombwa. Jana nimembeba mama wa mapacha, akasema pazia zimemsitiri, hakutaka majirani waone uso wake. Mwambie fundi wa mapambo ahsante.

Sasa hiyo zawadi.

Sikusema kitu pale uani na ninajua uliniona nimenyamaza. Ulikuwa umechuchumaa mbele ya gari, wewe usiyeweza kuinama, unaifuta ngao kwa shati lako. Majirani wamekuzunguka. Umeipaka rangi ileile ya gari mpaka mtu angedhani imezaliwa nayo. Ningesemaje mbele za watu? Nikasema ahsante baba, nikawasha gari. Hata kucha nilizisahau. Kusema kweli sikuzisahau, nilitaka kuondoka kabla sijalia.

Juzi nimelipeleka kwa fundi wa gereji hapa aifungue. Spana haikushika kitu. Amelala chini ya gari mpaka akatoka na kutu usoni, anasema nati hazina vichwa, zimechomelewa zikawa kitu kimoja na chasisi. Anasema kazi hii imefanywa na mtu mwenye hasira.

Nikamwambia si hasira.

Baba, ni nati ipi inafunguka? Lazima ipo moja. Niambie.

Binti yako,
Mkunga


Jumapili, 17 Machi

Kwako mama yangu mdogo,

Mpe salamu fundi wako wa gereji, umwambie asante kwa sifa.

Hakuna inayofunguka. Ndiyo ufundi wenyewe. Siku hizi wezi wanavua mapambo ya magari kama wanachuma mboga. Leo taa, kesho vioo, keshokutwa keria. Ngao ya nati ni ngao ya mwizi. Mimi nikifunga, nachomelea nati juu ya bolti, napiga msasa, napaka rangi. Mwizi atapapasa mpaka kuche. Geti la shule nimelifunga hivyo na mwalimu mkuu aliyetaka kulihamisha amestaafu, geti lipo.

Na mwambie asijaribu kukata kwa gesi. Mkono usiojua utakata na chasisi, utabaki na magari mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Anayeweza kuitoa bila kidonda ni mimi peke yangu. Ukipata likizo lilete, nitaitoa. Nitaitoa kwa shingo upande, lakini nitaitoa. Watu wawili wameshakuja kutaka kama ile. Mmoja amesema gari lako sasa lina sura ya mtu aliyekasirika, akasema ndiyo sura anayoitaka.

Usikae na kinyongo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nawe nilikulea kwenye cheche, mbona hukuungua? Siku fahali atakaposimama mbele yako utaniletea kilo ya sukari.

Kucha zinakusalimu. Zimeanza kushika zulia.

Ni mimi baba yako,
Cheche


Jumatano, 3 Aprili

Baba, shikamoo.

Nakuandikia wewe mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu.

Jana nimemgonga mtu. Ni yule mziba pancha wa hapa njia panda. Nilimzalisha mke wake mwaka jana, na tangu siku hiyo kila nikipita alikuwa ananijazia upepo. Aliponiona na gari jipya alinivisha vifuniko vyekundu kwenye vali za magurudumu yote manne, akasema na yeye amelipamba.

Nilikuwa natoka hapo kwake. Sikuwa kwenye mwendo, baba, nilikuwa ndiyo kwanza naingia barabarani. Alitokea nyuma ya lori lililoegeshwa, ameinama, anafuata nati iliyomviringika.

Yuko hospitali. Mimi sijaumia. Gari halina kitu.

Usije. Nitakuandikia.

Mkunga


Jumanne, 9 Aprili

Kwako mama yangu mdogo,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mungu mkubwa, hujaumia.

Nataka nikutoe hofu. Mtu wa njia panda ni mtu wa mifupa, wale hawavunjiki ovyo. Akipata nafuu mwambie barabara si mkeka, mtu haokoti vitu humo ameinama kama anayefagia. Mwambie ameniharibia usingizi. Nitamtengenezea kiti cha chuma, chenye mahali pa kuwekea nati zake, zisimkimbie tena.

Na wewe usijilaumu. Mtu aliyetokea nyuma ya lori asingeonwa hata na dereva wa mfalme.

Halafu, mama, nilikuambia au sikukuambia? Gari halina kitu. Ile plastiki ingekuwa imesagika, taa zimening'inia kama macho ya samaki, nawe ungekuwa unatafuta vipuri mwaka mzima. Ngao haina hata mkwaruzo? Itazame pale kwenye kona ya kulia, niliipiga rangi mara mbili. Niambie kama rangi imeshika. Wale wateja wawili nimewasimulia, wameongezeka wawili wengine.

Niandikie hali ya mziba pancha.

Ni mimi baba yako,
Cheche


Jumapili, 21 Aprili

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Ni mimi Mwalimu, mume wa binti yako. Sijawahi kukuandikia na nasikitika kwamba naanza na hili. Mwenzangu amenikataza, lakini barua yako ya tarehe tisa nimemkuta nayo mkononi, amekaa sakafuni jikoni, na nimeona si haki wewe uendelee kutojua.

Mziba pancha amefariki. Alikaa hospitali wiki moja hivi. Tulikuwa tunakwenda kila jioni. Ndugu zake hawakutufukuza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa.

Sijui niliandike vipi hili. Daktari alituambia, na mkaguzi wa magari akaliandika kwenye taarifa yake, kwamba kwa mwendo ule, pua ya gari lenyewe ingemwachia mguu uliovunjika, pengine nyonga. Bomba la juu la ngao lilimpata kifuani kwa sababu alikuwa ameinama. Lilisimama palepale, halikurudi nyuma hata kidogo. Kilichorudi ni mbavu.

Rangi imeshika, baba. Nakujibu kwa sababu uliuliza.

Sasa mwenzangu ana kesi ya kusababisha kifo. Yuko nje kwa dhamana, haruhusiwi kutoka wilayani, na kazini amesimamishwa. Kinachoifanya kesi iwe nzito ni hicho chuma. Mkaguzi anasema gari liliongezewa kitu cha hatari bila ruhusa, kikafungwa kwa namna ya kwamba kisitoke tena, kwa hiyo mwenye gari alijua anachofanya. Wakamuuliza nani alifunga. Akasema yeye ndiye aliyekitaka, akafungiwa na fundi wa kando ya barabara asiyemkumbuka.

Siku ya pili ya msiba mjane alikwenda kituoni, gari lilipowekwa. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya ile ngao muda mrefu, kisha akawauliza askari: "Hiki chuma ni cha nini?" Hakuna aliyemjibu.

Samahani kwa kukuandikia haya.

Mkweo,
Mwalimu


Jumapili, 28 Aprili

Kwako Mwalimu,

Barua yako imefika. Nilimpa jirani anisomee kwa mara ya pili, kwa kelele sikioni, kwa sababu nilidhani macho ndiyo yameniandikia. Alisoma, akaondoka bila kuaga.

Kwenye ukuta wa karakana yangu kuna mstari wa chaki. Niliuchora siku ile, niliposimamisha bomba nipime kimo cha fahali. Sikuufuta. Jana nimekwenda nikasimama kando yake, mstari ukanipiga kiunoni. Nikasema kiunoni si kifuani. Nikashika ukuta, nikainama kama mtu anayefuata nati. Mimi ambaye siinami. Ukanikuta kifuani, kwenye kifungo cha pili.

Nilibaki hivyo. Mgongo ulikataa kurudi. Jirani yuleyule ndiye aliyekuja kuninyoosha, na sikuwa na mzaha wa kumpa.

Mwambie mwenzako nimejua.

Cheche


Jumatatu, 6 Mei

Baba,

Mwalimu ameniambia kwamba alikuandikia. Sikumgombeza, nguvu sina.

Usije. Maelezo nimeshaandikisha na nimetia sahihi. Ngao niliitaka mimi, nilifungiwa na mtu nisiyemjua. Nikibadilisha sasa wataniona mwongo, na wewe watakuchukua. Kwa umri wako jela ni kaburi lenye mlango. Mimi bado nina mifupa. Acha ibaki hivyo.

Nilikueleza habari ya utosi, baba. Nilikuomba unisome taratibu. Ulinijibu kwa fahali na redio na kulala kwenye godoro. Nami nilipoiona ile ngao ningeweza kusema palepale, mbele ya majirani, ikatwe. Nikakuonea huruma. Ningeweza kuliegesha gari mpaka likizo. Akina mama walikuwa wanajifungua, nikaendelea kuliendesha. Kwa hiyo yangu ninayo ya kutosha, sihitaji na yako.

Kila nikifumba macho sikuoni ukichomelea. Nakuona ukiifuta kwa shati.

Vile vifuniko vyekundu bado viko kwenye magurudumu. Nilitaka kuvitoa nimpelekee mjane, wakasema gari ni kielelezo, haliguswi.

Sijakukana. Ila kwa sasa mwandiko wako siuwezi. Usijibu.

Mkunga


Jumapili, 12 Mei

Kwako mama yangu mdogo,

Umesema nisijibu. Unanijua mimi ni kiziwi.

Nitajaribu kuandika bila kucheza. Nikichezacheza unisamehe, ni kama mtu mwenye kigugumizi, hachagui neno la kukwamia.

Wateja wa ngao nimewafukuza. Mmoja alidai nimeshachukua vipimo vya gari lake, nikamwambia avitumie kushonea suruali. Ngao moja ilikuwa tayari, haijapakwa rangi. Nimeikata vipande, kila kipande kifupi kuliko mkono, mpaka vijiti vya kuchomelea na gesi vikaisha. Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. La kwangu nimelivunja mwenyewe, na ndio mwisho.

Unasema umenionea huruma pale uani. Nilikuona. Nataka ujue hilo. Uso wako niliuona kwenye rangi ya ngao, nilikuwa naifuta na wewe umo ndani yake, umekunja midomo kama mama yako akizuia neno. Nikaendelea kufuta. Nilijua hukuitaka. Nilijua tangu barua ya utosi, nilielewa kila neno, hata darasa la nne linaelewa kwamba kichwa cha mtoto ni laini. Nilifanya kwa sababu nilitaka uende na kitu changu kisichoweza kutolewa. Haikuwa ya wezi, mama. Nati zile nilizichomelea kwa ajili yako, usije ukaifungua.

Sasa nisikilize wewe, kwa mara moja.

Ninakuja. Nauli ya basi nimeshaiuliza. Nitakwenda kwa hakimu nimwambie huyu binti alikataa, alikataa kwa maandishi, na barua yake ninayo mfukoni. Nitamwambia aliipeleka gereji ikashindikana, na fundi wa gereji aitwe aseme alivyotoka na kutu usoni. Wakisema mzee anadanganya kumwokoa mtoto, watazame mshono wenyewe. Mimi nachomelea kwa mkono wa kushoto, mawimbi ya mshono wangu yanalala kinyume na ya watu wote. Wanipe kijiti na vipande viwili vya bati nichomelee mbele yao, halafu wainame chini ya gari walinganishe. Uongo wako wa fundi wa kando ya barabara hautafika hata mlangoni.

Wakinichukua, wanichukue. Unasema jela ni kaburi lenye mlango. Mimi ndiye niliyetengeneza milango ya mji huu, sitaogopa mmoja. Ulinikinga vya kutosha. Chuma kigumu mbele ya mtu laini, mwisho wake tumeuona.

Kisha nitakwenda kwa yule mama mwenye mtoto mgongoni. Aliuliza hiki chuma ni cha nini, na askari wakanyamaza. Walikuwa hawajui. Ninayejua ni mimi. Sijui nitamwambiaje, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mwiba huu haukunichoma mimi. Lakini swali lake ni langu, siwezi kuliacha likae kwako. Akinitemea mate nitajifuta, akinyamaza nitakaa mpaka aseme niondoke.

Limebaki jambo dogo, na hili ni lako.

Mahakamani hawapokei ndala. Nimemuuliza karani wa hapa kwetu, akanitazama miguu akasema mzee, mbele ya hakimu ni viatu vya kufunga. Viatu ninavyo, vile vyeusi vya siku ya harusi yako, nimeshavipaka rangi. Haviingii. Nimejaribu kwa mafuta, nimejaribu kwa matusi, vidole vinagota. Sitaki nisimame kando yako nikichechemea, wakadhani naigiza ili nihurumiwe. Na mtu mwingine sitaki anishike miguu.

Mkasi wa kucha wa mama yako nimeufunga kwenye leso, nakuja nao. Huna haja ya kuniongelesha. Ukikaa chini ukanigeuzia kisogo huku unakata, nitatazama dirishani.

Uliniahidi mwezi wa pili. Nakudai, mama. Nikate kucha.

Ni mimi baba yako,
Cheche